Vidole Kabla ya Skrubu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa jikoni, shangazi yangu Lornah huvua ndara, akagusisha visigino vyake ukutani mahali ambapo rangi imebanduka, kisha huinamisha kichwa na kuangalia vidole vya miguu yake. Huangalia mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Akimaliza huvaa ndara na kuwasha jiko chini ya sufuria ya chai. Jambo lote halizidi muda wa kuhesabu hadi kumi, na chai haijawahi kuchelewa kwa sababu yake.

Kwetu shangazi huitwa senje, na ndivyo ninavyomwita. Nimekaa naye Mountain View, Nairobi, tangu nilipomaliza chuo kikuu, katika chumba ambacho zamani aliweka masanduku. Ana miaka hamsini na minane. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya upande wa magharibi wa jiji, ambayo sitaitaja. Kazi yake ni kusimama kando ya meza na kumpa daktari chuma anachohitaji kabla daktari hajamaliza kukitaja. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, na sehemu kubwa ya miaka hiyo imepita kwenye mapaja ya watu.

Alitoka Vihiga akiwa na miaka kumi na tisa, akaajiriwa kufanya kazi za nyumbani Kileleshwa, kwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Mama Peres. Mwaka wa pili Mama Peres aliteleza bafuni akavunjika mfupa wa paja. Siku zile, mahali alipolazwa, dawa ya paja lililovunjika ilikuwa kulivuta. Walipitisha chuma chembamba kwenye mfupa chini ya goti, wakafunga kamba, kamba ikapita juu ya kigurudumu mwisho wa kitanda, na upande wa pili ukaning'inia mfuko wa mchanga wa kilo saba. Mama Peres alilala hivyo wiki kumi na moja. Senje alimpelekea uji kila siku, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni asitoke vidonda. Mfuko wa mchanga ukipigwa na mtu anayepita, Mama Peres alifunga macho hadi utulie.

Mfupa ulishika, lakini mguu ulibaki mfupi kwa upana wa vidole viwili. Fundi viatu wa Kawangware aliongeza soli upande mmoja. Mama Peres hakulalamika. Alisema tu kwamba dunia imeinama na kwamba atazoea. Yeye ndiye aliyemwandikia Senje barua ya kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi.

Jinsi mapaja yanavyotibiwa siku hizi nilionyeshwa mezani kwetu, kwa kalamu. Nilikuwa nimemuuliza tu kama siku ilikuwa nzuri. Senje aliichukua biro yangu, akalipiga ganda lake kwa ukingo wa kisu mara mbili hadi likapasuka vipande, akainyanyua.

"Unaona? Ganda limevunjika. Lakini huu mrija wa wino ndani bado umenyooka, na umeshikilia vipande vyote. Sasa hilo ganda ni mfupa. Mrija ni msumari."

Wao huuita msumari. Wagonjwa huuita chuma. Ni fimbo ya chuma yenye unene wa kidole, ndefu kama mfupa wenyewe, na huingizwa kupitia tundu dogo karibu na nyonga au kwenye goti. Kwanza njia ya uboho huchimbuliwa kidogo kidogo ipate upana, kisha msumari husukumwa hadi uvuke mahali palipovunjika. Mwishoni hufungwa kwa skrubu, mbili juu na mbili chini, zinazopenya mfupa na matundu ya msumari pamoja. Mtu aliyetiwa chuma Jumatatu anaweza kusimama kwa magongo kabla ya Ijumaa. Senje akiniambia hivyo huwa anafikiria ule mfuko wa mchanga, ingawa hasemi hivyo.

Hospitali nyingine zina mashine inayoonyesha mfupa ndani ya nyama wakati wa kazi. Kwao mashine hiyo huharibika zaidi ya inavyofanya kazi, kwa hiyo wamejifunza njia nyingine. Kabla ya mgonjwa kukatwa, Senje huufunga msumari kwenye mkono wa chuma wenye matundu, akahakikisha pale mezani kwamba kila tundu la mkono linaangaliana na tundu la msumari. Msumari ukishaingia, mkono hubaki nje kando ya paja, na drili hupita kwenye matundu yake. Daktari haoni anapotoboa. Anauamini mkono wa chuma, na ule mkono umefungwa na Senje.

Lakini kuna jambo moja ambalo mkono ule hauwezi kulisema. Mfupa uliovunjika mahali pamoja hujipanga wenyewe, kama kigae kilichopasuka: kila jino lina pengo lake. Mfupa uliosagika hauna alama hiyo. Kipande cha juu kinakaa kwenye nyonga, cha chini kinakaa na goti, na katikati ni makombo. Kile cha chini kinaweza kuzunguka kwenye msumari kama mpini wa jembe uliolegea. Ukikifunga kimegeuka, mtu ataamka na mguu ulionyooka vizuri, wenye urefu wake kamili, unaoangalia kando.

Kwa sababu hiyo chumba chao kina desturi. Skrubu za juu zikishafungwa, kabla ya zile za chini, Senje husema neno moja: "Vidole?" Kazi husimama. Dalmas, msaidizi wa chumba, ambaye hajavaa glavu za upasuaji, huenda mwisho wa meza, akainua shuka la kijani upande wa mguu mzima, na daktari akaushika ule mwingine. Hulinganisha vidole na magoti, huikunja miguu yote miwili na kuizungusha ndani na nje, waone kama inakwenda sawa. Dalmas akisema "sawa," drili inaendelea. Si agizo la kitabu chochote. Senje alianza kuuliza mwaka fulani, na watu wakazoea kungoja aulize.

Dalmas, ambaye pia ni wa Vihiga na kwa hiyo anajiona ana ruhusa, humtania kwa hilo.

"Huyu mama akifika mbinguni," aliwaambia wenzake siku moja nilipompelekea Senje miwani aliyoisahau, "Petero atafungua geti, na yeye atamwambia ngoja kwanza, simama wima nione vidole."

"Na wewe nitakukuta nje ya geti umekalia ndoo," Senje alimjibu, "kwa hiyo utaniambia kama viko sawa."

Maalim Abdalla aliletwa Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Alikuwa mtu wa Mombasa aliyekaa Nairobi miaka mingi, akifundisha watoto Kurani katika chumba cha ghorofani mjini kati, juu ya duka la vitambaa. Siku hiyo alikuwa amekwenda Muthangari kumfundisha mtoto mmoja nyumbani kwao. Pikapu iliyoshindwa kupinda ilimkuta kando ya barabara. Paja la kushoto lilivunjika vipande ambavyo picha haikuweza kuvihesabu vizuri.

Alifanyiwa kazi Alhamisi. Alikuwa wa tano siku hiyo. Daktari alikuwa Quincy, kijana mpole ambaye huwaambia wauguzi asante hata kwa pamba. Kazi ilianza saa tisa alasiri na haikuwa rahisi. Vipande vilikuwa vinauzuia msumari, ikabidi paja livutwe kwa mikono muda mrefu. Skrubu za juu ziliingia karibu saa kumi na moja na nusu. Damu ilikuwa imepungua, na Dalmas alikuwa ametumwa maabara kuleta chupa nyingine. Mwisho wa meza hapakuwa na mtu.

Daktari Quincy alisema, "Haya, tufunge chini." Senje akampa drili.

Skrubu zote mbili ziliingia kwenye matundu yake. Mkono wa chuma ulikuwa umefungwa vizuri. Kidonda kilishonwa, mgonjwa akapelekwa wodini, na Senje akafika nyumbani saa moja na nusu akiwa na soksi zake za kubana mishipa mkononi. Alikula ugali nusu. Aliniambia kwamba mzee wa mwisho alikuwa mgumu, akaenda kulala.

Jumamosi alikuwa zamu. Kabla ya saa sita mchana simu ya chumba cha upasuaji ililia. Alikuwa Valarie, muuguzi mdogo wa wodi ya wanaume.

"Sista, niaje. Kuna mama hapa ananisumbua na kitanda. Ati mguu haijaelekea. Mimi hata sijui ielekee wapi. Kuja tu uone."

Senje alishuka na ndara zake za chumba cha upasuaji. Kitanda cha nane hakikuwa mahali pake. Kilikuwa kimegeuzwa, kichwa upande wa mlango na miguu upande wa madirisha ya kaskazini, kikaziba nusu ya njia. Kando yake alisimama mwanamke mrefu aliyevaa buibui, mkononi ana chupa ya chai. Ndiye Mabruka, mke wa Maalim.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nisamehe kukuondoa kazini. Niliwaomba hawa vijana wamgeuzie kitanda. Kwetu mgonjwa asiyeweza kusimama wala kukaa husali amelala, nyayo zake zikaelekea kibla. Wamegeuza, Mungu awajaze heri. Kitanda kimeelekea. Mguu wa kulia umeelekea. Huu wa kushoto haukuelekea."

"Labda ni mto," Senje alisema.

"Mto nimeutia, nimeutoa. Nikivisimamisha vidole kwa mkono vinasimama. Nikiachia, vinalala vile vile."

"Mwache sista apumue, Mabruka," Maalim alisema kutoka kitandani. Alikuwa mtu mwembamba mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe. "Huo mguu umeamua kuhamia Kangemi. Mimi nitabaki hapa na mwenzake."

"Wewe nawe na mzaha wako."

"Nimetiwa chuma, sikutiwa kilio."

Valarie alicheka. Senje alifunua shuka. Mguu wa kulia ulikuwa umelala kama miguu inavyolala, vidole vimeinama nje kidogo. Wa kushoto ulikuwa umelala kabisa, ukingo wa unyayo umegusa godoro, na goti lenyewe lilikuwa linaangalia dirisha la magharibi. Alimwomba Maalim avumilie. Aliikunja miguu yote miwili polepole, akashika magoti, akayazungusha. Wa kulia ulikwenda ndani, ukaenda nje. Wa kushoto ulikwenda nje hadi akauzuia. Ndani ulikataa.

"Unauma?"

"Unauma, lakini si hilo ninalotaka kukuuliza," Maalim alisema. "Kazi yangu mimi ni kusimama mbele ya watoto kabla ya sala, niwanyooshe safu. Kila siku nawaambia neno hilo hilo: visigino sawa, vidole viangalie kibla. Wapo thelathini na wawili, na watundu. Sasa nikisimama mbele yao mguu mmoja umeangalia mlangoni, nitawaambia nini?"

Senje alirudisha shuka.

"Nitamwambia daktari."

"Utamwambia lini, dada?" Mabruka aliuliza.

"Nitamwambia."

Jibu la swali la Maalim Senje alilijua, na aliniambia jioni hiyo tukichambua njegere, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Mguu uliofungwa umegeuka haurudi kwa mazoezi. Ukirekebishwa mapema, kazi ni ndogo: skrubu mbili za chini zinatolewa, kipande cha chini kinazungushwa, kinafungwa upya. Ukiachwa hadi mfupa ugande, kwa wiki sita au nane, itabidi ukatwe tena kwa msumeno. Wengi hawarudi kukatwa. Wanaenda nyumbani na kuzoea. Maalim Abdalla alikuwa ameandikiwa kuondoka Jumanne.

"Kwa hiyo utamwambia Daktari Quincy Jumatatu," nilisema.

Aliendelea kuchambua njegere.

Jumapili asubuhi ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akisimama kwenye ukuta wa jikoni bila ndara. Nilidhani anatafuta kitu kilichoanguka. Tulikwenda kanisani Kangemi, tukarudi. Alipiga pasi. Jumatatu alisimama tena pale ukutani, akaenda kazini, akafanya kazi na Daktari Quincy kutwa nzima, nyonga moja na mikono miwili, akarudi. Nilimwangalia akivua viatu. Akasema hajapata nafasi.

Senje si mwoga. Amewahi kumtoa profesa mzima nje ya chumba kwa kugusa meza ya vyombo. Nilimwona tu akila, akiosha sahani yake, akiifuta, na kuiweka.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi walikuwa wamesimama kwenye sinki refu nje ya chumba, yeye na Daktari Quincy, mikono imejaa sabuni hadi viwikoni. Dalmas alikuwa mlangoni na machela. Mazungumzo haya Dalmas ameyasimulia mara nyingi kuliko Senje, na kwa kirefu zaidi, lakini yenyewe yalikuwa mafupi.

"Daktari, yule mzee wa kitanda cha nane. Mguu umegeuka nje."

"Kiasi gani?"

Senje alisimamisha kiganja chake chenye povu, kisha akakilaza hadi nusu ya njia.

Daktari aliacha kusugua. "Umeona lini?"

"Jumamosi. Waliniita wodini."

"Leo ni Jumanne, sista."

"Ndiyo."

Maji yaliendelea kutoka. Daktari Quincy aliangalia bomba.

"Alhamisi hatukuuliza vidole," alisema.

"Hatukuuliza."

"Ningeuliza mimi."

"Kuuliza ni kazi yangu."

"Ni nani aliyemwandikia aende leo?"

"Ni wewe."

"Dalmas, kimbia wodini. Mwambie Valarie mzee wa kitanda cha nane asivae viatu."

Dalmas alikimbia. Alimkuta Maalim ameshavalishwa kanzu na kofia, amekaa ukingoni mwa kitanda, magongo mapya yameegemezwa kando, na Mabruka akikunja shuka walilokuja nalo. Dalmas alipoeleza, Mabruka alilikunjua tena lile shuka, akalitandika.

Daktari Quincy alikwenda mwenyewe kuzungumza nao. Aliwaambia kwamba mguu ulifungwa vibaya, na kwamba aliyeufunga vibaya ni yeye. Maalim alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe una umri gani, mwanangu?"

"Thelathini na tatu."

"Nina wanafunzi wa miaka saba ambao hawajawahi kukubali kosa hata moja," Maalim alisema. "Fanya kazi yako."

Walifanya Alhamisi, wiki moja kamili baada ya ile ya kwanza. Safari hii Maalim alikuwa wa kwanza, saa mbili asubuhi, na Senje alikuwa amefunga mkono wa chuma kabla hata mgonjwa hajaingia. Skrubu mbili za chini zilitolewa. Daktari alipitisha fimbo nyembamba kwenye mfupa juu ya goti, akaishika kama usukani, akazungusha polepole hadi goti likarudi juu.

"Vidole?" Senje aliuliza.

Dalmas aliinua shuka. "Bado kidogo, nje."

Daktari alizungusha tena.

"Vidole?"

"Nusu ya kidole."

"Vidole?"

"Sawa."

"Kunja magoti."

Wakakunja, wakazungusha ndani, wakazungusha nje. "Sawa," Dalmas alisema. Senje akatoa drili. Aliniambia kwamba Daktari Quincy hakuipokea mara moja. Alimngoja, mkono umenyooshwa, hadi Senje mwenyewe aliposema, "Sasa." Skrubu mpya ziliingia kwenye mfupa ambao haujatobolewa, na zile za zamani zilitupwa kwenye bakuli. Kazi yote ilichukua dakika arobaini.

Wiki iliyofuata hospitali ilitaka maelezo kwa maandishi kutoka kwa kila aliyekuwa chumbani siku ile ya kwanza. Senje huandika vizuri, lakini aliniomba nimwandikie kwa kompyuta yangu ili maneno yakae sawa. Tulikaa mezani baada ya chai ya saa kumi. Alinisomea tarehe, saa, jina la mgonjwa, namba ya msumari. Alisema Dalmas alikuwa ametumwa maabara. Alisema swali la vidole halikuulizwa na kwamba kuliuliza ni desturi yake. Niliandika yote. Halafu akawa anaangalia ile kalamu iliyopasuka, ambayo sikuwa nimeitupa.

"Andika kwamba nilitambua mguu umegeuka nilipoitwa wodini Jumamosi."

"Kwamba ndipo ulipotambua mara ya kwanza?"

"Andika nilivyosema."

Niliandika alivyosema. Alisoma karatasi yote mara moja, akatia sahihi.

Hakuna aliyeadhibiwa. Kulikuwa na kikao, na kwenye kikao mkuu wa wauguzi, Sista Kasiva, alisema kwamba kama si jicho la Sista Lornah mgonjwa angekwenda nyumbani vile vile. Watu walipiga makofi kidogo. Sasa karatasi imebandikwa ukutani juu ya meza ya vyombo, imeandikwa kwa herufi kubwa: VIDOLE KABLA YA SKRUBU ZA CHINI. Chini yake yapo majina ya watu wawili wanaotakiwa kujibu. Senje hapendi kuiangalia. Anasema gundi yake inaacha alama.

Maalim Abdalla alirudi kliniki baada ya wiki sita, tena baada ya wiki kumi na mbili. Picha ilionyesha mfupa mpya ukizunguka makombo kama wingu. Mara ya mwisho alikuja bila magongo, kwa fimbo tu. Mabruka alipanda hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akamwita Senje nje. Alikuwa amebeba bakuli la kashata na mfuko wa mahamri.

"Jana kasimama mbele ya watoto wake," alisema. "Nimekwenda mwenyewe nikachungulia mlangoni. Vidole vyote kumi, dada. Na wale watundu wote wakawa wanaangalia miguu yake badala ya kuangalia mbele, ikabidi awakemee."

"Nashukuru Mungu."

"Nami nakushukuru wewe. Wengine wote walipita pale kitandani wakaniambia mto. Wewe ndiye uliyeona."

"Ni wewe uliyeona."

"Mimi niliona kitanda. Wewe uliona mguu." Mabruka alimshika mikono yote miwili. "Mungu akulipe."

Senje alileta lile bakuli nyumbani, akaliweka mezani. Mimi nilikula kashata mbili. Yeye alilifunika kwa sahani, na siku ya nne akampa mlinzi wa geti kashata zilizobaki na mahamri yote. Bakuli aliliosha akamrudishia Mabruka kupitia kwa Valarie, na ndani yake akatia nusu kilo ya karanga, kwa sababu kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Atastaafu mwaka ujao mwezi wa saba. Ana kiwanja kidogo Vihiga, na anasema atapanda miparachichi. Nilipoanza kuandika habari zake niliona ninajua karibu kila kitu: Mama Peres na mfuko wa mchanga, biro yangu, kitanda kilichogeuzwa kuelekea kaskazini. Kulikuwa na mstari mmoja tu ambao niliuandika kwa mikono yangu mwenyewe na sikuuelewa: ule wa kutambua mguu Jumamosi. Alhamisi ile mguu wa Maalim ulikuwa umefunikwa shuka kuanzia kifundo hadi vidoleni, lakini goti lilikuwa wazi, ndilo lililokuwa likifanyiwa kazi, na Senje alisimama kando yake saa mbili na nusu. Miezi mitano nilikaa na jambo hilo. Si rahisi kwangu kuwauliza watu vitu.

Nilimuuliza jana asubuhi. Alikuwa ukutani, visigino vimegusa mahali palipobanduka rangi, kichwa kimeinama. Nilisimama mlangoni nikiwa na kikombe.

"Senje, goti la Maalim uliliona limegeuka kabla ya skrubu za chini, au baada?"

Hakuinua kichwa. Alimaliza mguu wa kulia, akaangalia wa kushoto, akavaa ndara zake.

"Kabla," alisema. "Miguu ilikuwa inaniuma, nikataka kazi iishe."